Uliza Mpiga Drams: Wazee wa roki wanaporudi jukwaani

Mwezi huu mmeniandikia mno, na karibu nyote mnauliza kuhusu vikongwe wa roki wanaotengana miaka kisha wakarudi kupiga pamoja. Nimechagua barua sita. Salamu nimezikata ili nafasi itoshe, ila zimenifikia. Marahaba kwa mlioniamkia. Wageni wa safu hii wajue mapema: nimekaa nyuma ya drams za bendi za hoteli na za kumbi hapa Tanga tangu nikiwa kijana, kwa hiyo nitajibu nikitazama kutoka kwenye kiti changu.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasoma chuo. Mwenzangu wa bweni alinionyesha video za tamasha la Black Sabbath la Birmingham, Julai 2025. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, ameketi kwenye kiti kama cha mfalme, mwili unatetemeka, na haikupita wiki tatu akafariki. Ile ilikuwa sherehe, au walimtoa mgonjwa kitandani ili wauze tiketi? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Mwanangu, wapo watu wazima walioliuliza hilo kwa ukali kuliko wewe. Ozzy alitangaza mwenyewe mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na Februari 2023 akasema mwili wake hauwezi tena ziara. Hakuna aliyefichwa. Kila aliyenunua tiketi ya tarehe 5 Julai alijua anakwenda kumuaga. Uwanja ulikuwa Villa Park, wa timu ya Aston Villa, katika mitaa ileile ya Aston ambako wote wanne walikulia, watoto wa watu wa viwandani. Faida ilipangiwa taasisi tatu: moja ya kutafuta tiba ya Parkinson, hospitali ya watoto ya Birmingham, na Acorns inayohudumia watoto wenye maradhi yasiyopona. Metallica na Guns N' Roses, ambao kwingine kote ndio wanaofunga tamasha, siku hiyo walikuwa watangulizi.

Kwa hiyo sioni unyonyaji hapo. Mzee alitaka kuaga nyumbani kwao, akapewa kiti, akaaga. Sauti ilikuwa imechakaa, hilo hata shabiki wake hawezi kulikataa, na palipomshinda umati ulimbeba. Alikufa tarehe 22 mwezi uleule akiwa na miaka 76. Kuna wanamuziki wangapi wenye jina wamezikwa hapa kwetu bila hata kuitwa mbele ya watu wakaambiwa ahsante?

Ila macho ya dunia yalikuwa kwenye kile kiti cheusi, ya kwangu yalikuwa nyuma yake. Aliyeketi kwenye drams ni Bill Ward, miaka 77, na hiyo ndiyo habari ya usiku ule. Black Sabbath walikwisha kuaga rasmi tarehe 4 Februari 2017, mji huohuo wa Birmingham, bila Ward. Walipotangaza kurudiana Novemba 2011 naye alikuwamo, ila mwaka 2012 alijitoa akisema mkataba aliopewa haufai kutiwa saini, na drams zikapigwa na kijana mwenye nguvu, Tommy Clufetos. Kijana yule hana kosa. Anapiga sawasawa, kwa nguvu, saa yake haikosei. Lakini Ward alijifunzia kwenye jazi, akiwasikiliza watu kama Gene Krupa, na mkono wake una mzunguko, unachelewa kidogo, unacheza. Ukimwondoa, nyimbo zilezile zinakuwa nzito zaidi na hapo hapo zinapoteza kiuno.

Rudi usikilize walivyofungua, wimbo wa War Pigs. Una sehemu ambapo vyombo vinanyamaza, mwimbaji anabaki peke yake na yale matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu. Pale mgonjwa na mpiga drams wanashikana mkono, hakuna gitaa la kuwaficha. Wanne hao hawakuwa wamepiga pamoja kwa miaka 20. Walipiga nyimbo nne tu, wakamaliza.

SWALI: Mzee wangu, baba ni mpenzi wa Led Zeppelin tangu enzi za kanda. Tumetazama naye lile onyesho la London la 2007, na mzee akatokwa na machozi. Mbona walipiga usiku mmoja tu ilhali dunia nzima inawataka? (Binti wa Mombasa)

JIBU: Mpe baba pole na hongera. Ili uuelewe usiku ule wa tarehe 10 Desemba 2007, mwulize baba kama anaikumbuka Live Aid, lile tamasha la hisani la 1985. Akikunja uso, anaikumbuka.

Mpiga drams wao, John Bonham, alikufa Septemba 1980, na kabla mwaka haujaisha wenzake wakatangaza kwamba bila yeye hakuna bendi. Mwaka 1985, tarehe 13 Julai, wakashawishiwa kupanda jukwaa la Philadelphia. Kiti cha marehemu wakakigawa kwa watu wawili: Tony Thompson wa Chic na Phil Collins. Collins alikuwa ameimba mchana wake Wembley, London, akarukia ndege ya Concorde, akashuka Marekani, akaketi kwenye drams. Mazoezi ya pamoja hayakuwapo ya maana. Sauti ya mwimbaji wao, Robert Plant, imekauka, gitaa la Jimmy Page limepotea tuni, na wapiga drams wawili kila mmoja anamsubiri mwenzake aingie. Kwa miaka mingi baadaye Page na Collins walikuwa wakirushiana lawama hadharani. Mwaka 2004 tamasha lile lilipotolewa kwenye DVD, Led Zeppelin walikataa sehemu yao isiwekwe. Mimi ningekataa pia.

Mwaka 1988 wakajaribu tena, New York, kwenye miaka 40 ya kampuni ya Atlantic. Safari hii drams alipewa Jason, mtoto wa marehemu, akiwa na miaka 21. Haikwenda vizuri vilevile, ila mtu wa kiti alikuwa amepatikana. Kilichokosekana ni muda.

Ndipo akafa Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa Atlantic, aliyetoa sahani zao. Alianguka nyuma ya jukwaa kwenye onyesho la Rolling Stones na akafariki Desemba 2006. Tamasha la kumkumbuka likapangwa ukumbi wa O2, na maombi ya tiketi yakafika milioni 20 kwa ukumbi unaoingiza watu wapatao 20,000. Safari hii walifanya mazoezi kama watoto wanaoanza, wiki kwa wiki, mlango umefungwa. Page akavunjika kidole. Tarehe ikasogezwa kutoka 26 Novemba. Kijana wa kale Jason alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 41, anajua kila namna baba yake alivyoupiga kila wimbo, kwenye sahani na kwenye maonyesho. Tazama tena na baba, na mara hii msimtazame Plant. Tazameni Page na John Paul Jones, wa besi, wanavyosogea kwenye drams kila kunapokaribia kona ngumu. Wanasimama karibu na yule mtoto kuliko wanavyosimama karibu na umati.

Sasa, kwa nini usiku mmoja. Jibu fupi ni Plant. Oktoba ya mwaka huohuo alikuwa ametoa albamu na Alison Krauss, mwimbaji wa nyimbo za asili za Marekani, na mwaka uliofuata akaenda naye ziarani. Albamu ile ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka 2009. Alikuwa na kazi mpya aliyoipenda, akaichagua. Wenzake watatu walijaribu waimbaji wengine mazoezini, akiwamo Steven Tyler wa Aerosmith, halafu mwanzoni mwa 2009 wakaacha. Nawaheshimu kwa kuacha. Wengi tunamnung'unikia Plant kwa fedha tulizodhani atatuletea sisi. Mtu amepiga onyesho zuri, amelifuta lile baya la 1985; alidaiwa nini tena?

SWALI: Kaka, mimi fundi wa viyoyozi huku Muscat, tunasikiliza muziki kazini mchana kutwa. Nisichoelewa ni hiki: watu wamepelekana kwa mawakili, wamekashifiana magazetini, halafu unawaona jukwaani wanakumbatiana. Wanapatanaje? (Msomaji wa Muscat)

JIBU: Ndugu yangu, mara nyingi hawapatani. Wanakubaliana saa ya kuanza, basi.

Wachukue Pink Floyd. Roger Waters alitoka miaka ya themanini, akawapeleka wenzake kwa mawakili akitaka jina lizikwe. David Gilmour akaendelea nalo. Mwaka 2005 Bob Geldof, yule aliyeandaa Live Aid, anaandaa tamasha jingine la hisani, Live 8, Hyde Park, akampigia Gilmour, Gilmour akakataa. Geldof akamgeukia Nick Mason. Mason ni mpiga drams, na ndiye mtu pekee aliyemo katika albamu zote za Pink Floyd, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata sababu ya kutosha ya kumfukuza. Akamwandikia Waters. Waters akampigia Gilmour mwenyewe, na jambo likawa. Tarehe 2 Julai, mara ya kwanza wote wanne tangu Juni 1981, wakapiga kama dakika 20 na kitu. Mwishoni Waters ndiye aliyemwita Gilmour kwa mkono aje wakumbatiane. Fedha kubwa za ziara zikatajwa, Gilmour hakutaka. Mwaka 2008 Richard Wright, wa kinanda, akafariki, na hesabu ya wanne ikafungwa.

Usidhani kwamba kila mpiga drams ni msuluhishi. Ginger Baker wa Cream alikuwa ndiye ugomvi wenyewe. Huyu tunamjua kidogo upande wetu wa dunia: miaka ya 1970 alihamia Lagos, akajenga studio, akarekodi na Fela Kuti. Ukisikiliza anavyozungusha ngoma za chini utajua hakwenda kutembea tu. Yeye na Jack Bruce, wa besi, walianza kugombana kabla hata Cream haijaundwa mwaka 1966. Mei 2005 mpiga gitaa wao, Eric Clapton, akawarudisha wote Royal Albert Hall, ukumbi uleule walioagia Novemba 1968. Bruce alikuwa ametoka kubadilishiwa ini, Baker viungo vinamuuma. Usiku nne walipiga kwa adabu, taratibu, kila mtu anamsikiliza mwenzake, na kwangu mimi hayo ndiyo maonyesho bora ya kurudiana ya watu watatu ambayo yamerekodiwa. Wangeishia pale. Oktoba wakaenda Madison Square Garden, New York, na ugomvi wa kale wa nani anapiga kwa kelele kuliko nani ukarudi mbele ya watu. Bruce alifariki 2014, Baker 2019.

SWALI: Sisi Wazanzibari tuna haki na Queen, maana Freddie Mercury kazaliwa hapa Mji Mkongwe. Wale wanaozunguka sasa na kijana wa Kimarekani, ni Queen au si Queen? (Bibi wa Shangani)

JIBU: Bibi, haki mnayo, Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie, alizaliwa kwenu tarehe 5 Septemba 1946, na makumbusho yake mnayo palepale Shangani tangu 2019. Alipokufa Novemba 1991, wenzake watatu walimfanyia arubaini yao ya kizungu tarehe 20 Aprili 1992, Wembley, mbele ya watu 72,000. Kila wimbo ukapewa mwimbaji wake: George Michael, Elton John, David Bowie, Annie Lennox na wengine. Fedha zikaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI. Ile ndiyo ilikuwa njia safi kabisa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejifanya Freddie.

Baadaye John Deacon, wa besi, akastaafu mwaka 1997 na hakurudi. Waliobaki ni Brian May, wa gitaa, na Roger Taylor, wa drams, wakazunguka kwanza na Paul Rodgers, sasa na Adam Lambert. Wao wenyewe wanaandika jina la Queen halafu wanamjumlisha mwimbaji, na mimi naona hiyo ni heshima ya kutosha. Lambert anaimba vizuri sana. Ninayemkosa pale ni Deacon, na hakuna anayeniuliza habari zake. Besi na drams ni watu wa nyumba moja. Taylor amebaki na nusu ya nyumba.

SWALI: Na Afrika je? Ama roki ni ya Wazungu tu? (Lubumbashi)

JIBU: Ndugu wa Lubumbashi unaniuliza mimi nawe unakaa mlangoni! Vuka mpaka uingie Copperbelt ya Zambia uwaulize wazee habari za zamrock, yaani roki ya Kizambia, na bendi ya WITCH. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, magitaa ya kukwaruza juu ya mdundo wa Kizambia, mwimbaji Emanuel Chanda akiitwa Jagari kutokana na Mick Jagger. Uchumi wa shaba ukaporomoka, bendi ikafa, wengi wa kizazi kile wakaondoka na UKIMWI, Jagari akaenda kuchimba vito ardhini. Zaidi ya miaka 30 baadaye sahani zao zikachapishwa upya nje, naye akaanza kuzunguka Ulaya na Marekani na kikosi kipya. Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango. Drams zilikwenda kwa Mholanzi, Nico Mauskoviç. Nilimsikiliza nikiwa na wivu tayari mkononi, nikaishia kutikisa kichwa. Amejifunza.

SWALI: Mzee mwenzangu, sisi tulikuwa na bendi ndogo hapa Morogoro, tulikopi roki na soul kwenye kumbi, tukasambaratika kila mtu na maisha yake. Desemba tunataka kupiga usiku mmoja tu kabla hatujaisha. Mpiga drams wetu ametangulia mbele ya haki. Mwanawe anapiga kanisani. Mwimbaji hafiki tena juu, na wa solo vidole vimekakamaa. Tufanyeje? (Mstaafu wa Morogoro)

JIBU: Mzee mwenzangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Anza na mjane. Kabla hujamwambia kijana lolote, mwende watu wawili nyumbani, mkamwombe mama yake. Kiti kile ni cha mumewe.

Akiridhia, mpeni kijana kanda zenu za zamani, hata zile mbovu zilizorekodiwa ukumbini, na mumwache nazo mwezi mzima kabla ya zoezi la kwanza. Msimwambie apige kama baba. Mwambieni tu ni wapi baba alikuwa akiwasubiri na wapi alikuwa akiwasukuma. Ni vitu ambavyo kanda haisemi na ninyi mnavijua mwilini. Mazoezi ya mwanzo wawe wawili tu, yeye na wa besi. Nyinyi wengine kaeni nje mnywe chai. Mpigaji wa kanisani amezoea kufuata kwaya. Atahitaji muda kujifunza kuongoza, na mkijaa chumbani siku ya kwanza na ushauri wenu atawafuata ninyi, mtaanguka wote.

Sauti: shusheni ki, yaani kimo cha sauti cha wimbo, bila aibu. Led Zeppelin walishusha nyimbo kadhaa usiku ule wa O2, na Plant akaimba kwa akili mahali alipokuwa akipiga ukelele ujanani. Nusu toni kwanza, mkiona bado, toni nzima. Ila mshushe mapema, kwa sababu wa solo naye ana mikono iliyozoea mahali pake.

Kuhusu vidole vyake, mwambie habari ya Tony Iommi wa Black Sabbath. Alikuwa na miaka 17, kiwanda cha mabati, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Akafunga nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza ili zisimuumize, na ule mlio mzito ambao bendi maelfu wamekopi umetoka hapo. Kwa hiyo wenu afunge nyuzi nyembamba, alegeze, na mkishusha ki kwa ajili ya mwimbaji, naye anapona hapohapo. Yale mabio ya zamani ya kupanda shingo ya gitaa ayaache. Apige noti chache, azichague.

Nyimbo zisizidi nane. Najua mnazo 40 mnazozipenda. Nane, mnazozijua hata umeme ukikatika. Fundi mitambo mlipeni kabla ya onyesho, na mwambieni spika za kuwarudishia sauti ziwekwe mbili kwa kijana wa drams, hata kama wa solo atanuna. Atanuna.

Tumba hukuzitaja. Kama mpigaji hamna, Tanga na Morogoro si mbali, na mhariri anayo namba yangu.